Kuovakloki kompyuta Kipevu, na shilingi 4,096 za chama cha mamangu

Nimepotea wiki nyingi, kazi zilinibana, mnisamehe. Leo nimerudi na jambo ambalo vijana wa hapa mtaani huniuliza kila wakijua kwamba mimi ni mtu wa programu: "Kaka, naweza kuifanya kompyuta yangu iende mbio zaidi bila kununua nyingine?"

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo hili, na ndani yake yumo mamangu, wamo kina mama 23 wa chama chake, na imo aibu ambayo nusura niiingize nyumbani kwetu kwa mikono yangu mwenyewe.

Tuanze na jina. Kitendo chenyewe kinaitwa ovakloki. Ndani ya kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili angependa niandike) kuna saa inayopiga kama ngoma, na kila pigo prosesa inasogeza kazi hatua moja mbele. Mkiona imeandikwa gigahezi 3.2, maana yake ni mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde moja. Kuovakloki ni kumwambia mpiga ngoma aongeze kasi kuliko alivyoagizwa na mwenye kiwanda.

Mtauliza, kwa nini mwenye kiwanda asiipige haraka tangu mwanzo? Kwa sababu prosesa ni kama maembe ya mti mmoja, hayafanani. Nyingine ina nguvu za akiba, nyingine ni goigoi. Kiwanda kinaandika kasi ambayo zote zitaiweza, kwa miaka mingi, hata ndani ya kisanduku chenye vumbi. Ile akiba iliyobaki ndiyo watu huitafuta. Ukipata iliyo kali, ni bahati yako.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1998 kulikuwa na prosesa ya bei nafuu ya Intel, Celeron 300A. Ilikuja na kasi ya megahezi 300, lakini ukibadilisha kasi ya njia yake kuu kutoka 66 hadi 100, nyingi zilikubali kwenda 450 bila kulalamika. Nusu nzima ya kasi, bure! Halafu karibu mwaka 2000 zikaja Athlon na Duron za AMD, ambazo watu walizifungua kwa penseli. Sitanii. Juu ya prosesa kulikuwa na vinukta vidogo vya chuma vilivyokatwa visigusane. Ukivipaka risasi ya penseli, umeme unapita, na kizidishi kinafunguka.

Habari hizo nilizisoma saiba ya Changamwe, tukilipa kwa dakika, jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye saa ya ukutani. Wakati huo sikuwa na kompyuta ya kuovakloki. Sikuwa hata na penseli ya maana :-)

Ruka miaka mingi. Mwaka 2018 nikajinunulia ya kwangu kamili, nikaiunga mwenyewe kipande kwa kipande: prosesa ya AMD Ryzen 5 1600, ubao mama wa aina ya B350, na RAM ya gigabaiti 16, vipande viwili vya nane nane. Nilichagua Ryzen kwa sababu moja kubwa: kizidishi chake hakijafungwa. Upande wa Intel wakati huo ilibidi ununue ile yenye herufi K mwishoni, na ubao wa bei ghali wa kuandamana nayo. Ila mwenye Ryzen naye aangalie ubao, maana ule wa A320 haukubali kuovakloki prosesa. Vijana wawili ninaowajua waliukimbilia kwa sababu ya bei, wakaja kugundua wakiwa wameshachelewa.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kutengeneza programu za simu za Android. Anayeijua kazi hiyo anajua uchungu wa kungoja msimbo ukompailiwe. Mradi wangu mmoja ulikuwa ukichukua dakika 3 na sekunde 50. Mara thelathini kwa siku, hesabu mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimengoja tangu enzi za saiba.

Sasa niwaeleze mahali penyewe, kwa sababu hapo ndipo penye hadithi. Chumba changu kiko Kipevu, juu, chini ya mabati. Dirishani naona winchi za gati jipya la makontena, lile lililofunguliwa mwaka 2016, na upande mwingine kuna bomba za moshi za mitambo ya umeme ya dizeli. Malori yanapita usiku na mchana. Ukipanguza meza asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Na hewa ya bahari ina chumvi, chuma cha hapa hakichelewi kuota kutu.

Miongozo yote niliyosoma iliandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanasema, "Prosesa yangu ilifika nyuzi 70 tu." Lakini hawasemi chumba chao kilikuwa na nyuzi ngapi, kwa sababu kwao si habari. Feni haitengenezi baridi, jamani. Feni inatoa joto kwenye prosesa na kulimwaga hewani, basi. Haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba chenyewe. Kwa hiyo kama yeye yuko kwenye nyuzi 20 na mimi niko kwenye 33, ile 70 yake kwangu ni 83, kabla sijagusa chochote kingine. Prosesa hii mwisho wake ni 95. Ukiona hivyo unaelewa kwamba Kipevu unaanza mbio ukiwa umeshamaliza nusu ya pumzi.

Nilianza Agosti. Kumbukeni neno hilo, Agosti. Kusi inavuma, usiku unajifunika shuka, dirisha langu liko wazi na upepo unaingia moja kwa moja mpaka kwenye feni.

Hatua zenyewe si ngumu. Unawasha kompyuta ukibonyeza kitufe cha Delete, unaingia bayosi, unatafuta mahali pa kizidishi. Njia kuu ina megahezi 100, kwa hiyo kizidishi cha 32 ni gigahezi 3.2, cha 38 ni 3.8. Prosesa yangu ikifanya kazi na viini vyote sita, yenyewe ilikuwa ikijipandisha hadi 3.4. Nikaweka 35. Nikawasha Prime95, programu ya kutafuta namba tasa ambayo huibana prosesa kuliko kazi yoyote ya kawaida. Robo saa, hakuna kosa. Nikaweka 36. Sawa. Ilipofika 37 mashine ikaganda, na hapo ndipo unapoongeza volti, kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa wageni.

Hapa ngoja nikae kidogo, maana wengi hupita mbio. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Mashine yangu ilikuwa na volti 1.20 kwenye gigahezi 3.4. Mwisho nilitua kwenye 1.35 na gigahezi 3.8. Pigeni hesabu: kasi imeongezeka kwa asilimia 12. Umeme, na kwa hiyo joto, umeongezeka kwa asilimia 41 hivi. Hiyo ndiyo biashara ya ovakloki. Anayekwambia ni kasi ya bure hajawahi kununua tokeni za stima.

Nilijaribu 3.9. Skrini ikawa nyeusi na kompyuta ikakataa kabisa kuwaka. Moyo ulienda mbio, kwa sababu pesa za ile prosesa nilikuwa nimezikusanya miezi minane. Dawa yake ni ndogo: chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara iliyo kwenye ubao mama, ngoja dakika chache, irudishe. Bayosi inasahau ujinga wako wote na kurudi ilivyotoka kiwandani. Nikarudi kwenye 3.8 na kukaa hapo.

Ule mradi wa dakika 3 na sekunde 50 ukashuka hadi dakika 3 na sekunde 24. Nikacheka peke yangu chumbani kama mwenda wazimu.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini RAM yangu ilikuwa ya 2400, yaani inahamisha data mara milioni 2,400 kwa sekunde, na Ryzen za kizazi kile zilisifika kwa kupenda RAM ya kasi. Nikaipandisha hadi 2933. Ikawaka. Nikaendesha MemTest86, programu inayokagua RAM shimo kwa shimo, usiku kucha. Asubuhi nikakuta sifuri ya makosa. Nikatangaza ushindi.

Sasa tuje kwa mamangu. Yeye ni mweka hazina wa chama cha kina mama wa hapa mtaani. Wanachanga shilingi 200 kila Jumapili, pesa zinakaa kwenye sanduku, ufunguo anao yeye. Miaka yote aliandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Mzunguko mpya ulipoanza, Jumapili ya tarehe 18 Novemba 2018, mimi mwanawe msomi nikamwambia, "Mama, daftari ni mambo ya kizamani, mimi nitakuandikia programu." Nikamwandikia, hifadhidata yake ni SQLite, ikikaa kwenye ile ile kompyuta yangu. Kila Jumapili jioni ananitajia majina, mimi naingiza. Daftari likawekwa juu ya kabati.

Dalili zilianza Februari, nami nikazipuuza. Msimbo ulikuwa ukikataa kukompailiwa, nikiurudia bila kubadilisha hata nukta, unakubali. Siku nyingine faili la zipu nililolifunga mwenyewe likakataa kufunguka, likidai limeharibika. Nikalaumu diski. Nikailaumu Gradle, maana mtu wa Android hulaumu Gradle kwa kila kitu mpaka mvua.

Jumapili tarehe 3 Machi 2019 ilikuwa mchango wa 16. Kila mama alipaswa kuwa na shilingi 3,200, na wote 23 jumla yao ni 73,600. Siku hiyo walitaka kuhesabu kwa sababu mmoja wao alihitaji mkopo wa karo. Nikachapisha ripoti, katibu akaisoma barazani kwetu. Akasoma jumla ya mwisho: 77,696.

Sanduku likafunguliwa, pesa zikahesabiwa mara mbili. 73,600.

Hakuna aliyetamka neno la wizi. Kwetu pwani mambo hayo hayasemwi mbele za watu, watu hunyamaza tu. Chai ikapoa vikombeni. Kisha mama mmoja, muuza samaki ambaye amejuana na mamangu tangu wote wawili hawajaolewa, akasema kwa upole sana kwamba labda ufunguo ungekaa kwa mtu mwingine kwa muda, ili mama apumzike. Kikao kikaahirishwa hadi Jumapili iliyofuata. Mamangu akakusanya vikombe bila kunitazama.

Usiku ule nilisoma msimbo wangu mstari kwa mstari nikitafuta kosa la kuzidisha au kurudia mchango. Sikuliona. Mama akaja akasimama mlangoni.

"Mwanangu, zinazokosekana ni ngapi hasa?"

"Elfu nne na tisini na sita, mama."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Katika chama chetu nani huleta shilingi sita? Sisi tunachanga mia mbili mbili. Hata ningeiba, ningeibaje sita?"

Wasomaji wangu, nina shahada ya kompyuta. Nilikuwa nimeitazama ile namba saa tatu nzima na sikuiona mpaka mamangu aliponionyesha. 4,096. Mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili. Hakuna mwizi duniani anayeiba namba hiyo. Hiyo ni namba ya biti moja.

Nikafungua safu za wanachama moja moja. Kina mama 22 walikuwa na 3,200. Mmoja, tena yule yule muuza samaki, alikuwa na 7,296. Michango yake 16 ilikuwa imeandikwa sawasawa, mia mbili mbili, lakini lile salio nililolihifadhi pembeni lilikuwa limezidi kwa 4,096 kamili. (Wanaprogramu wenzangu watauliza kwa nini nilihifadhi salio badala ya kujumlisha michango kila mara. Nilikuwa mvivu. Tuendelee.)

Jumatatu saa saba mchana, mabati yakilia kwa jua, nikawasha tena MemTest86. Kaskazi ilikuwa imelegea, hewa imesimama, kipimajoto cha chumbani kinasoma nyuzi 34. Dakika ya 38 mistari myekundu ikaanza kutokea. Nikaizima. Nikairudia saa nane usiku, dirisha wazi. Safi kabisa, hakuna kosa hata moja. Nikarudisha RAM kwenye 2400, nikaiacha izunguke mchana na usiku mzima. Safi.

Sababu yake ni hii. Ndani ya RAM kila biti ni chaji ndogo sana ya umeme, kama tone la maji ndani ya mtungi unaovuja. Kompyuta inapita kuijaza tena mitungi yote kila baada ya sehemu 64 za elfu za sekunde. Joto likizidi, mtungi unavuja haraka zaidi. Jambo hilo linajulikana, na ndiyo maana kanuni za watengenezaji zinataka RAM ikipita nyuzi 85 ijazwe mara mbili zaidi. Ukichanganya joto na kasi uliyoiongeza mwenyewe, nafasi ya kusoma biti vizuri inabaki nyembamba kama uzi. Agosti usiku uzi unashika. Machi mchana unakatika, mara moja moja, na haupigi kelele.

Hapo ndipo penye hatari. Prosesa ikizidiwa, kwa kawaida mashine inaganda au inajizima, na wewe unajua. RAM ikikosea biti moja inaweza kukaa kimya. SQLite kwa kawaida haiweki alama ya kukagua kila ukurasa wake, kwa hiyo inapokea 7,096 mahali pa 3,000, inaongeza 200 za wiki, inaandika kwenye diski, na inalala usingizi wake. Kompyuta za seva hutumia RAM ya aina ya ECC, inayoweza kurekebisha biti moja iliyopotoka. Ya kwangu haikuwa nayo.

Siwezi kuapa mahakamani kwamba ile biti ilipotoka siku fulani saa fulani. Lakini nyinyi mngekuwa na mashtaka gani mengine?

Jumapili tarehe 10 Machi mama alinisimamisha barazani. "Uliyeleta ndiye atakayeondoa," akasema. Kuwaeleza kina mama 23 habari za biti si kazi ndogo. Nikaomba bao la babu, nikaliweka mkekani. Nikasema, fikirieni kompyuta inaandika namba kwa mashimo, kila shimo lina kete moja au halina. Shimo la kwanza thamani yake ni moja, la pili mbili, la tatu nne, kila linalofuata ni mara mbili ya lililotangulia. Nikaenda nao mpaka la kumi na tatu, nao wenyewe wakihesabu kwa sauti: elfu moja na ishirini na nne, elfu mbili na arobaini na nane, elfu nne na tisini na sita! Barazani kukatulia. Nikaiangusha kete moja kwenye shimo hilo. "Hii iliingia yenyewe," nikasema, "kwa sababu niliiendesha mashine kupita kiasi kwenye joto."

"Kwa hiyo kompyuta yako ilikuwa na homa," akasema muuza samaki.

"Ndiyo mama, ilikuwa na homa."

"Na ikawa inaweweseka."

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya jambo hili, na nimesoma mengi. Akatoa kadi yake ya michango kutoka kwenye mkoba, sahihi 16, akaziweka mbele ya mamangu na kumshika mkono. Mimi nikatozwa faini ya shilingi 200 kwa kuvuruga kikao. Nililipa papo hapo.

Sasa kwa yule kijana aliyeniuliza swali mwanzo. Jaribu, sikukatazi. Utajifunza mengi kuhusu kompyuta kuliko darasani. Lakini usijaribu kwenye mashine yenye hesabu za watu. Na usijaribu Agosti usiku halafu ukajidanganya. Pima Machi, adhuhuri, dirisha limefungwa, kwa saa nyingi, na upime RAM peke yake na prosesa peke yake. Gusa kimoja kwa wakati mmoja, mimi niliguza viwili na ndiyo maana nilichelewa kujua. Andika kila badiliko kwenye karatasi. Kazi ikifeli mara moja na kukubali mara ya pili bila wewe kubadilisha kitu, usishukuru Mungu ukaendelea, rudisha kila kitu kwenye kasi ya kiwandani uone kama inajirudia.

Vumbi nalo. Kila mwezi nafungua kisanduku na kupitisha brashi ya rangi, ile laini ya inchi moja, kwenye mapezi ya chini ya feni. Kwa wenzangu wa Kipevu, Chaani na Magongo, karibu na barabara ya malori, hiyo peke yake hushusha nyuzi kadhaa. Nimewahi kushusha sita kwa brashi ya shilingi hamsini. Na umeme ukiyumba, mashine iliyoovaklokiwa huwa ya kwanza kuzimika, kwa hiyo tafuta UPS kabla ya kutafuta gigahezi.

Tena mambo yamebadilika. Prosesa za siku hizi hujipandisha zenyewe mpaka karibu na ukomo wao kwa kuangalia joto na umeme, akiba iliyobaki ni ndogo. Hata viwanda vyenyewe vinaweza kupitiliza: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake kadhaa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi, zikadhurika, ikabidi watoe marekebisho na kuongeza muda wa dhamana. Mimi siku hizi nafanya kinyume. Napunguza volti kidogo kidogo nikiacha kasi ilivyo, joto linashuka, feni inanyamaza, na chumba cha mabati kinakalika. Nayo lazima uipime vile vile, volti ikipungua mno makosa ni yale yale.

Ile Ryzen bado ipo. Anayo mpwa wangu, anachezea kandanda, nayo iko kwenye gigahezi 3.8 ile ile. RAM iko kwenye 2400, na bayosi nimeifunga kwa neno la siri. Programu ya chama nayo ipo, siku hizi inajumlisha michango moja kwa moja, na nakala yake inakwenda kwenye mashine ya pili kila Jumapili. Mama anaitumia. Lakini kwanza anateremsha daftari kutoka juu ya kabati, anaandika majina yote 23 kwa kalamu ya bluu, halafu ananiita na kunisomea jina moja moja, huku akinitazama ninavyobonyeza.